Upendeleo wa rangi haumaanishi Mzungu hajui shida

Kuna zoezi linalorudi sana kwenye video za mitandaoni, nyingi zikitoka Marekani. Vijana wanasimama mstari mmoja tayari kwa mbio, mwalimu anauliza maswali kuhusu maisha yao, na kila anayejibu "ndiyo" anasogea hatua mbele. Mbio hazijaanza, wengine wameshafika mbali.

Wengi hapa Dar wanaelewa kwamba video hizo zinasema kila Mzungu ni tajiri, na kwamba hayo ni mambo ya huko huko. Ni rahisi kuelewa hivyo, maana dakika moja haitoshi kueleza.

Upendeleo wa rangi unaozungumziwa kwenye video hizo ni kutokuwekewa kikwazo ambacho wengine waliwekewa kwa sababu ya rangi yao. Mzungu maskini yupo, ila si rangi iliyomfungia mlango. Marekani ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi katika kuuza na kupangisha nyumba mwaka 1968 tu.

Na kwetu? Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Shule nazo zilitengwa. Pita Oysterbay uone viwanja vipana, kisha ingia mitaa ya Kariakoo, ambako viwanja vilikatwa vidogo tangu mwanzo. Mimi hilo hunigusa kuliko video yoyote.

Ukitumiwa kipande, tafuta video nzima, uangalie ilirekodiwa wapi na lini. Kisha muulize babu au bibi aliyekuwa mjini kabla ya 1961: nani aliruhusiwa kujenga wapi, na watoto wa nani walisoma shule ipi.