Nyuzi 15 tu, na nusu ya maisha ya panga imekwenda

Miezi ya kaskazi ikifika huwa naulizwa swali lilelile: joto hili la Dar haliharibu mitambo ya kufua umeme kwa gesi kule Kinyerezi na Ubungo? Jibu langu ni kwamba joto la nje linakula megawati, halili mapanga, yaani yale mabawa ya metali ndani ya turbini yanayosukumwa na gesi ya moto. Uwezo wa turbini ya gesi hupimwa kwa hewa ya nyuzi 15 za Selsiasi. Hewa ya kwetu ina joto zaidi, kwa hiyo ni nyepesi, na kompresa, sehemu inayovuta na kugandamiza hewa, inameza uzito mdogo wa hewa kwa kila mzunguko. Umeme unapungua. Joto la gesi inayofika kwenye mapanga, hata hivyo, linashikiliwa na mfumo wa udhibiti palepale lilipopangwa. Nje iwe nyuzi 24 au 34, panga halioni tofauti kubwa.

Kinachoniumiza kichwa mimi ni joto la panga lenyewe. Linazunguka kwa kasi inayolivuta kwa nguvu ya tani kadhaa, huku likiwa jekundu. Fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, akitaka kukunja nondo nene huipasha moto kwanza, maana chuma kikiwa chekundu kinatii. Aloi za nikeli, yaani michanganyiko ya nikeli na metali nyingine inayotengenezewa mapanga, kwenye wekundu huohuo zinagoma.

Sababu iko ndani. Ukiikata aloi ya panga na kuiweka chini ya hadubini ya elektroni utaona vichemraba kama dadu, kila upande karibu nusu ya mikromita (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), vimepangwa kwa safu na kutenganishwa na njia nyembamba za nikeli laini. Vichemraba hivyo vinaitwa gama praimu: atomu tatu za nikeli kwa moja ya alumini, kila moja mahali pake maalumu. Kwenye aloi za kisasa vinachukua zaidi ya nusu ya ujazo wote.

Metali hubadilika umbo kwa dislokesheni, yaani mistari ya kasoro inayosafiri ndani ya fuwele, yaani safu za atomu zilizopangika, kama mkunjo unaosukumwa chini ya zulia. Ndani ya gama praimu dislokesheni haiwezi kusafiri peke yake, kwa sababu ikipita inavuruga mpangilio na kuacha alumini karibu na alumini. Lazima ije ya pili nyuma yake irudishe mambo sawa. Zinatembea mbilimbili. Sasa ongeza joto: sehemu ya jozi inapata nguvu ya kuhama kutoka bapa lake la kuteleza, yaani tabaka la atomu inaloteleza juu yake, hadi bapa jingine ambako haisogei kirahisi, na jozi nzima inanasa. Watafiti wa metali Bernard Kear na Heinz Wilsdorf walieleza kufuli hilo mwaka 1962. Joto zaidi, kufuli zaidi, hadi kati ya nyuzi 700 na 800 hivi. Ukivuka hapo hata lile bapa gumu linaanza kuteleza, na nguvu inaporomoka. Kwangu mimi hakuna jambo zuri kuliko hili katika elimu yote ya metali, nikubaliwe nisikubaliwe.

Lakini nguvu ya kuhimili mvuto wa dakika moja siyo inayoamua maisha ya panga. Kuna kripu: mkazo mdogo, usiotosha kulipinda leo, unalirefusha kidogo kidogo kwa maelfu ya saa. Hapa kanuni ya watafiti Larson na Miller ya 1952 inatosha. Chukua joto kwa Kelvini, zidisha kwa jumla ya 20 na logi (ya msingi wa 10) ya saa ambazo panga linadumu kabla ya kuvunjika. Mkazo usipobadilika, jibu halibadiliki. Tuseme panga linadumu saa 25,000 kwenye nyuzi 850. Lipandishe hadi 865, zinabaki kama 12,000. Kwenye 880 hazifiki 6,000. Kwa hiyo kitundu kimoja cha kupitisha hewa ya kupoza panga, kikiziba, kinanitisha kuliko jua lote la Februari. Vilevile mtambo ukilazimishwa kutoa zaidi ya kiwango chake jioni, wakati mzigo uko juu, kuna anayelipa: ni panga.

Kwa sababu ya kripu, mapanga ya safu ya kwanza mara nyingi humiminwa yakiwa fuwele moja tu, maana mipaka kati ya chembe, yaani fuwele ndogondogo zinazounda metali ya kawaida, ndiko nyufa hupenda kuanzia. Gharama yake nayo si ya kitoto.

Panga lililotumika linatunza kumbukumbu. Kwenye joto la nyuzi 950 na kuendelea, chini ya mvuto, vile vichemraba huungana na kuwa mabamba, kwa kawaida yakikingama na mwelekeo wa mvuto. Nikiona mabamba sehemu ambayo michoro inasema ilikuwa nyuzi 870, najua upozaji ulikuwa na tatizo. Wakati mwingine panga linarudishwa tanuruni, gama praimu inayeyushwa ndani ya nikeli na kupangwa upya, kisha linapewa muda mwingine wa kazi. Lenye ufa uliofika juu na kuoksidika ndani silirudishi. Hilo linakwenda kwenye chuma chakavu.