Umeme tuli: kwa nini kidole chako kinaweza kuua RAM

Umeme tuli ni chaji iliyojikusanya juu ya kitu ikakaa hapohapo, tofauti na umeme wa ukutani unaopita kwenye waya. Chanzo chake ni vitu viwili kugusana kisha kuachana: soli ya kiatu na zulia, sweta na nywele, suruali na kiti cha plastiki. Kila vinapoachana, kimoja huondoka na elektroni za mwenzake. Ukitembea chumbani mwili wako unajaa chaji hiyo kimyakimya, na siku hewa ikiwa kavu inajaa haraka zaidi, maana unyevu ndio unaoisaidia kuvuja. Halafu unagusa chuma, na chaji yote inatoka kwa mpigo mmoja.

Mwili wa binadamu huanza kuhisi mshtuko huo volti zikikaribia 3,000. Haukuui, kwa sababu chaji yenyewe ni chache mno na inakwisha ndani ya muda mfupi sana. Chipu ya kompyuta lakini haina uvumilivu huo. Ndani ya transista za kisasa, yaani swichi ndogo sana zilizomo kwenye chipu, kuna tabaka la kuhami lenye unene wa nanomita chache tu, na volti zikizidi kiasi chake linatoboka. Vipande vingi huharibika kwa volti mia chache. Vingine hata 100 ni nyingi. Kwa hiyo unaweza kuua RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, bila kuhisi lolote. Fundi anayesema "mimi sijawahi kupigwa shoti, sina haja ya mkanda wa kuzuia umeme tuli" anapima hatari kwa ngozi yake, wakati anayeumia ni chipu.

Tena si kila kipande hufa papo hapo. Kingine hujeruhiwa tu: kompyuta inawaka, inafanya kazi wiki kadhaa, kisha inaanza kuganda au kujizima bila sababu. Hapo lawama zinaangukia Windows au virusi, na hakuna anayekumbuka siku RAM ilipobadilishwa.

Kinga yake ni rahisi, ila watu wengi huielewa nusu. Lengo ni wewe na kompyuta muwe na chaji sawa. Mkiwa sawa, hakuna kinachoruka kati yenu. Ndiyo maana kugusa sehemu ya chuma isiyopakwa rangi kwenye kasha la kompyuta kabla ya kushika kitu ndani kunasaidia. Kunasaidia kwa wakati huo tu, lakini: ukiinuka kufuata bisibisi ukarudi, umeshajichaji upya. Mkanda wa kifundoni mwa mkono, ambao waya wake unabanwa kwenye kasha, unakuondolea kazi ya kukumbuka.

Ndani ya waya wa mkanda huo kuna rezista, kipande kinachopunguza mkondo, ya omu milioni 1. Iko pale kwa ajili yako. Ukigusa kwa bahati mbaya waya wenye umeme wa volti 230, mkondo utakaopita kwenye mkanda hautafika hata robo ya miliampia, kiasi ambacho kwa kawaida mtu hakihisi. Ukijitengenezea mkanda kwa kipande cha waya mtupu, umejifunga moja kwa moja kwenye ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini, na hapo ni afadhali ungekaa bila mkanda. Hata huo halali usiuvae ukifanya kazi kwenye kifaa kilicho na umeme. Kazi ya mkanda ni kulinda chipu.

Wapo wanaoshauri plagi iachwe kwenye soketi ili kasha liendelee kushikwa na ethi. Mimi naona ushauri huo haufai. Si kila soketi ina ethi inayofanya kazi, na kompyuta ya mezani iliyozimwa kwa kitufe cha mbele bado ina volti 5 zinazopita kwenye bodi, ubao mkuu unaobeba RAM na chipu. Ukichomoa RAM katika hali hiyo unaweza kuiunguza bila umeme tuli kuhusika kabisa. Chomoa plagi, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki itumike; mara nyingine utaona feni ikijitingisha kidogo, ndiyo inamalizia. Kwa laptopu, kuchomoa chaja hakutoshi: tangulia kutenganisha betri na bodi.

RAM na kadi zishike kwa kingo, vidole visifike kwenye meno ya dhahabu. Ukiitoa, irudishe kwenye mfuko wake, na iwe ndani. Ule mfuko wa rangi ya fedha una tabaka la chuma linalokinga kilichomo. Ule wa waridi hauzalishi chaji, lakini haukingi dhidi ya chaji inayotoka nje. Wala usiwashe bodi ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa fedha, kwa sababu upande wake wa nje unaweza kupitisha umeme.

Pawa saplai, kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, ni habari nyingine. Humo anayetafutwa na umeme ni wewe: kapasita zake kubwa, yaani vipande vinavyohifadhi chaji, hufikia volti 300 na zaidi, na zinaweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Ikiharibika, fungua skurubu nne za nyuma, itoe nzima, weka nyingine. Kasha lake lenyewe usilifungue.