Silinda Sita za Zamani: Injini Inayougua Kimya

Wenye magari ya zamani ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja wana mchezo wao wa sarafu. Injini inaunguruma, sarafu inasimamishwa kwa ubavu juu ya kifuniko cha valvu, na haianguki. Si mazingaombwe. Pistoni za injini hii hupanda na kushuka kwa jozi, ya 1 na ya 6, ya 2 na ya 5, ya 3 na ya 4, na mitikisiko yao inafutana. Kila krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapozunguka nyuzi 120 silinda moja inawaka, kwa mfuatano ambao mafundi wengi wanao kichwani: 1-5-3-6-2-4. Naupenda utulivu huo, lakini ndio unaozaa dhana potofu nyingi, maana injini isiyotikisika watu huiona haina ugonjwa.

Dhana: "Injini iko kimya, basi ni nzima."

Hii naiogopa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Chukua Toyota 2F, ile ya Land Cruiser za zamani. Kati ya roka, mkono mdogo unaoisukuma valvu ifunguke, na shina la valvu lazima pawe na nafasi: 0.20 mm kwa valvu za kuingiza na 0.35 mm kwa valvu za kutolea moshi, injini ikiwa ya moto. Valvu ya kutolea moshi hupoa kwa kukaa kwenye kiti chake, ambako joto lake hupita kwenda kwenye hedi, kichwa cha injini kinachofunika silinda. Nafasi ikiisha, valvu haifungi sawasawa, gesi ya moto inapenya pembeni, na ukingo wake unaungua.

Ubaya ni kwamba kiti kikilika, valvu huzama ndani ya hedi na nafasi hupungua. Mlio mwepesi wa tik-tik unaotokana na nafasi hiyo unafifia, na mwenye gari anafurahi. Niliwahi kufungua kifuniko cha 2F niliyoambiwa "imetulia kama mpya". Fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.35 ilipita kwenye valvu tano za kutolea moshi kwa ukinzani mdogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Kwenye silinda ya sita hata 0.15 haikuingia. Tulipopima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, silinda hiyo ilikuwa chini sana, na ukingo wa valvu yake ulikuwa umeshalika. Tangu hapo mlio mwepesi, wa mpigo mmoja, haunitishi. Unaonitisha ni ule uliopotea wenyewe bila mtu kugusa chochote.

Kuna jambo jingine hapo. Injini ya silinda nne ikipoteza silinda moja, gari zima linatikisika na hata abiria anajua. Ya silinda sita inaendelea kuvuta; mwenyewe anaona tu mafuta yanaisha upesi. Kwa hiyo pima. Injini iwe ya moto, toa plagi zote sita, zima mfumo wa kuwasha, kanyaga mafuta mpaka mwisho, kisha zungusha kwa stata na uandike namba ya kila silinda. Usihangaike sana na ukubwa wa namba, tazama tofauti. Silinda iliyo chini, idondoshee kijiko kidogo cha oili kisha upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, shuku valvu. Mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi ya hedi kati yake.

Dhana: "Inakula oili, iwekee nzito."

Oili nzito hupandisha mshale wa geji, na hapo watu hudhani injini imepona. Lakini mshale unaonyesha ukinzani wa oili kupita, hauonyeshi kama imefika kwenye beringi haraka baada ya kuwasha. Tafuta kwanza inakopotelea. Moshi wa bluu unaotoka injini inapowashwa baada ya kulala, au unapokanyaga tena mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu, mara nyingi ni sili za valvu, na kwenye injini nyingi hizo zinabadilishwa bila kuvua hedi. Moshi unaoongezeka kadiri gari linavyovuta mzigo unaelekeza kwenye ringi.

Dhana: "Thamostati ni ya nchi za baridi, itoe."

Thamostati haipo kwa ajili ya hali ya hewa. Inaifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuibakiza hapo, na nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90 za selsiasi. Ikitolewa, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta mengi zaidi, na unyevu unabaki ndani ya oili. Baadhi ya injini zina thamostati ambayo ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji yanarudi ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Umetaka ipoe, umeipa nafasi ya kuchemsha.

Dhana: "Puli ya krenki ni puli tu."

Krenki ya silinda sita ni ndefu. Kila silinda inapowaka, inajipinda na kujinyoosha kidogo sana, kama nguo inayokamuliwa. Ndiyo maana injini nyingi za aina hii zina puli ya vipande viwili, kitovu na pete nzito ya nje, vilivyounganishwa kwa mpira unaomeza msukosuko huo. Mpira huzeeka. Pete ikiteleza, alama ya taiming (wakati wa plagi kutoa cheche) iliyo juu yake inateleza nayo, na wewe unaweka taiming kwa uangalifu wote ukifuata alama ya uongo. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kitovuni hadi kwenye pete. Baada ya wiki chache ukikuta umekatika na vipande havielekezani, puli imekwisha.

Kuhusu kuongeza nguvu, nitasema mawili. Kabureta tatu hazileti nguvu kwa wingi wake. Faida yake ni kugawa mchanganyiko sawasawa, kwa sababu kabureta moja katikati huweza kuziacha silinda za mwisho, ya 1 na ya 6, na mafuta pungufu. Zisipolinganishwa kwa kupima hewa inayovutwa na kila moja, ni afadhali ile moja iliyo safi. Na kukata sailensa huongeza kelele, ambazo ni rahisi kuzidhania kasi. Chenye maana zaidi ni ekzosi inayozikusanya silinda 1, 2 na 3 kwenye bomba moja, na 4, 5 na 6 kwenye jingine. Hapo kila bomba linapokea pumzi moja kila nyuzi 240, bila kugongana.

Dhana: "Ni JZ, itabeba turbo tu."

Sifa ya 2JZ, injini ya Toyota ya silinda sita, ilijengwa na 2JZ-GTE, iliyotoka kiwandani na turbo mbili (vifaa vinavyosukuma hewa ndani ya injini), uwiano wa kompresheni wa 8.5 kwa 1, na vijiti vya kurushia oili chini ya pistoni ili zipoe. 2JZ-GE ya kawaida, isiyo na turbo, ina 10 kwa 1. Ukiisukumia hewa bila kurekebisha mafuta na taiming, mchanganyiko unajilipua wenyewe na pistoni ndizo zinazolipa. Sisemi haiwezekani, wapo wanaofanya kwa msukumo mdogo na kwa vipimo. Neno "tu" ndilo linalonikera.

Na ukilazimika kuvua hedi, kumbuka ni ndefu na hupinda kirahisi. Legeza bolti ikiwa baridi, kuanzia pembeni. Wakati wa kurudisha anza katikati uelekee nje, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu. Bolti zilizotengenezwa kunyumbuka zinapokazwa usizitumie tena. Kausha matundu kwanza, maana oili au maji yaliyobaki chini hayabonyei, na bolti ikishuka juu yake inaweza kuipasua bloku.