Hedifoni za mgongo wazi na za mgongo uliofungwa: yanayosemwa na yalivyo kweli

Ukiuliza hedifoni gani nzuri kwa muziki utajibiwa chap "chukua za mgongo wazi, hizo nyingine ni takataka", na anayejibu mara nyingi hajawahi hata kuzivaa. Kwa hiyo tuanze na tofauti yenyewe, maana ni ndogo kuliko watu wanavyoikuza. Ndani ya kila kikombe kuna draiva, yaani spika ndogo yenye utando unaotikisika, na ukitikisika unasukuma hewa pande mbili, upande wa sikio na upande wa nje. Za mgongo wazi zina wavu nyuma kwa hiyo ile sauti ya nyuma inajiendea zake, zilizofungwa zina ukuta kwa hiyo inabaki humo humo. Ni hilo tu.

"Za mgongo wazi ni safi zaidi siku zote." Hapa kuna nusu ya ukweli ndo maana inawaponza wengi. Sauti ikibaki ndani ya kikombe inagonga ukuta, inarudi, inapita kwenye utando na kukufikia imechelewa kidogo, na hapo ndo unapata ile sauti ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Lakini hiyo ni kwa zilizotengenezwa ovyo ovyo. Anayejua kazi anaweka sponji, anabadilisha umbo la kikombe, Sennheiser kwenye HD 820 waliweka hadi kioo kilichobonyea ili kiyaelekeze mawimbi sehemu ya kuyanyonya. Sony MDR-7506 zimefungwa na studio kibao zimekuwa zikizitumia tangu 1991, huku Beyerdynamic DT 990 ni za wazi kabisa na trebo yake, yaani zile sauti nyembamba za juu, ni kali mpaka kuna watu inawachosha. Wavu wa nyuma hauamui sauti peke yake, anayeamua zaidi ni yule fundi aliyezipanga.

Ya pili ndo nnaisikia kila siku, eti za mgongo wazi hazina besi. Tulia hapa kidogo. Mawimbi ya besi ni marefu sana, na wimbi la mbele likikutana na la nyuma yanafutana, ndo maana spika isiyo na boksi besi yake huwa nyembamba. Kwenye hedifoni za wazi zenye draiva za kawaida, na pedi (ile mito laini inayokaa kwenye sikio) zinazopitisha hewa, ile besi ya chini kabisa inapungua kweli, Sennheiser HD 600 ambazo zipo tangu 1997 ziko hivyo na wanaozipenda wanalijua hilo. Ila chukua za planar, zile zenye utando mpana bapa katikati ya sumaku, mfano Audeze LCD-2, hizo ziko wazi nyuma lakini pedi zinaziba vizuri upande wa sikio na besi inashuka imenyooka hadi chini kabisa. Kwa hiyo anayekwambia "wazi maana yake hamna besi" amesikiliza aina moja akajumlisha zote.

Na upande wa pili nako kuna kitu hakisemwi: besi ya zilizofungwa inategemea pedi zimekaa vipi. Hebu vaa zako sasa hivi, weka wimbo wenye besi nzito, halafu ingiza kidole chini ya pedi uiinue kidogo tu. Kwa nyingi besi inakimbia hapo hapo, unabaki na chis-chis. Sasa miwani inafanya kazi hiyo hiyo ya kidole, nywele nyingi pia, pedi zilizochakaa ndo usiseme. Kuna mtu anauza hedifoni zake akidai zimekufa kumbe zilikuwa zinataka pedi mpya tu.

"Ukivaa za wazi ni kama uko ukumbini." Ah, jamani. Nyimbo nyingi zimemiksiwa, yaani sauti na vyombo vimesawazishwa pamoja, zisikike vizuri kwenye spika, na kwenye spika kila sikio linapata sauti ya zote mbili, ila kwenye hedifoni sikio la kushoto linapata ya kushoto tu, na hilo halibadiliki hata ukitoboa matundu mangapi nyuma. Upana unatokana zaidi na draiva zilivyokaa. HD 800 za 2009 zinasifika kwa upana na draiva zake ziko mbali kidogo na sikio tena kwa pembe, wakati HD 600 ni wazi vile vile na watu wanalalamika ni finyu. Ila kweli za wazi hazikupi ile hali ya kuzibwa masikio, unaendelea kusikia chumba chako, na ubongo unaipokea kama nafasi.

Kuhusu kuharibu masikio, wanaosema zilizofungwa ni hatari wamegeuza mambo. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, yaani 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Hakuna anayeuliza mgongo ukoje. Sasa vaa za wazi kwenye basi uone kama hutapandisha sauti.

Na eti za wazi ndo zinazotaka amplifaya, yaani kifaa cha kuongezea sauti nguvu? Beyerdynamic DT 770, ambazo zimefungwa, zinauzwa kwa ohm 32, 80 na 250. Angalia ohm (zinavyoukinza umeme) pamoja na sensitiviti (zinatoa sauti kubwa kiasi gani kwa umeme huo), mgongo hauhusiki.

Halafu kuna wanaoamini studio wanatumia za wazi tu. Kwenye kumiksi sehemu tulivu sawa, wengi wanazipenda. Lakini mwimbaji akiwa mbele ya maiki anavalishwa zilizofungwa, kwa sababu za wazi zinamwaga sauti nje kama simu iliyowekwa laudi, na ile tik-tik ya metronomu, yaani mlio wa kuhesabia mapigo ya wimbo, inaingia kwenye rekodi. Chorasi ikiwa imejaa vyombo huisikii, ila ikifika pale anapoimba peke yake taratibu, tik, tik, tik, na kuitoa hapo bila kuharibu sauti yake ni kazi, mara nyingi inabidi aimbe upya.