Je, wajua kwa nini bangi inaisha usiku uleule lakini hofu yake inabaki wiki kadhaa?

Iko hivi. Mtu kavuta bangi mara moja, au kala keki yenye bangi, akapaniki vibaya, moyo unadunda mpaka anauona kwenye shati, akaamini kabisa anakufa. Kukakucha, hakufa. Siku 3 baadaye yuko zake kwenye foleni, hana hili wala lile, ghafla kitu kilekile kinamrudia, jasho, moyo, dunia inaonekana kama iko nyuma ya kioo. Wiki ya 2 bado. Sasa inakuwaje kitu cha masaa machache kilete hofu ya wiki nzima na zaidi?

Jibu nilikuwa nalo, tena kwa kujiamini sana, maana yalinikuta mwenyewe. Nilisema bangi bado iko mwilini. Nilishasoma mahali kwamba inakaa kwenye mafuta ya mwili na kwamba kipimo cha mkojo kinaikuta hata baada ya wiki kadhaa, nikaunganisha mwenyewe: kumbe inavuja kidogo kidogo, na kila ikivuja mimi napaniki. Basi nikaanza kazi ya kuitoa. Maji lita kwa lita, ndimu asubuhi, kukimbia mpaka nguo zinakamulika. Nilikojoa kweli. Hofu ikabaki palepale.

Ubaya wa jibu hilo ni kwamba nusu yake ni kweli, ndiyo maana watu wengi wanalimeza. THC, yaani kile kitu kwenye bangi kinacholewesha (wanakemia Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni ndio waliokitenga, Israeli, mwaka 1964), haielewani na maji, inaelewana na mafuta. Ukivuta inapanda kwenye damu ndani ya dakika chache halafu inashuka haraka, sehemu kubwa ikikimbilia kwenye ogani na baadaye kwenye mafuta, na kutoka huko inarudi kwenye damu polepole sana. Hadi hapo nilikuwa sawa. Nilipopotea ni hatua inayofuata, kwa sababu kinachorudi ni kidogo mno, hakifiki popote karibu na kiwango cha kulewesha, hasa kwa mtu aliyetumia mara moja tu. Na kile kipimo cha mkojo kwa kawaida hata hakiitafuti THC yenyewe, kinatafuta mabaki yake baada ya ini kuivunjavunja, na mabaki hayo hayamleweshi mtu. Ni sawa na kukuta maganda ya karanga sakafuni ukaapa kwamba kuna mtu bado anatafuna.

Halafu kuna utafiti mmoja wa Australia wa mwaka 2013 ambao nilipoukuta nilitaka kushangilia. Waliwachukua watumiaji 14 wa mara kwa mara, wakawapandisha baiskeli ya mazoezi dakika 35, wakapima damu kabla na baada. THC ilipanda kweli! Mafuta yanaunguzwa, THC inatoka. Ila ukisoma vizuri unaona ilipanda kiasi kidogo, na hao walikuwa watu wenye akiba, wameijaza kwa muda mrefu. Mimi wa kipande kimoja cha keki (sawa, viwili, nitafika huko) akiba ningeitoa wapi?

Na hata ukiacha maabara, kuna kitu kilikuwa mbele ya macho yangu na sikukiona. Hofu ilikuwa inachagua wakati. Ilikuja kwenye foleni, ilikuja nikishakunywa kahawa, ilikuja nikilala chali gizani. Haikuwahi kuja nikiwa kwenye ubishi mkali na mtu. Sasa kemikali inayovuja kwenye mafuta itajuaje kwamba niko kwenye foleni? Tena paniki ina umbo lake, inapanda kwa kasi, inafika kileleni ndani ya dakika kama 10 hivi, halafu inaanza kushuka. Mafuta hayavuji kwa mawimbi ya dakika 10.

Jibu la pili ambalo watu wanalo ni kwamba ubongo "umeungua fyuzi" moja kwa moja. Hilo nalo nililibeba kwa muda, ila fyuzi iliyoungua haiwaki tena ukiwa kwenye ubishi na kuzima ukiwa kwenye foleni, kwa hiyo tuliache.

Usiku wenyewe ulikuwaje? Kwa kifupi, ubongo una vipokezi vinaitwa CB1, ndipo THC inaponasia, watafiti Allyn Howlett na William Devane waliviripoti mwaka 1988, na vimejaa pia kwenye amigdala, kile kipande kinachohusika sana na kupima hatari. Mwili una kitu chake wenyewe kinachovitumia, kiligunduliwa 1992 kikapewa jina anandamidi kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu, jina ambalo ukishapaniki unaliona kama kejeli. Kiasi unachotumia ndicho kinachogeuza mambo. Chicago mwaka 2017 watafiti walichapisha jaribio la watu 42 waliopewa vidonge halafu wakatiwa presha kidogo, wajieleze kama wako kwenye intavyuu, kisha wafanye hesabu za kutoa kichwani mbele za watu. Waliopewa miligramu 7.5 za THC walitulia kuliko waliopewa vidonge vitupu. Waliopewa 12.5 walikuwa na hali mbaya zaidi, tangu kabla ya zoezi kuanza. Tofauti ni miligramu 5! Na keki ni mtego kuliko moshi, kwa sababu inachukua nusu saa mpaka masaa 2 kuanza, njiani ini linaigeuza THC kuwa aina nyingine kali, na wewe uliyekaa dakika 40 ukiona kimya unaongeza kipande cha pili. Ndiyo mimi huyo.

Juu ya hapo THC inaongeza mapigo ya moyo, mara nyingi kwa 20 hadi 50 kwa dakika. Huu ndio ufunguo wa yote yanayofuata kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Chukulia kichwani una mbwa wa ulinzi. Kazi yake si kufikiri, kazi yake ni kubweka mapema, na mbwa anayebweka bure mara 100 bado ana faida kuliko anayenyamaza mara moja mwizi anapoingia. Usiku ule mbwa alibweka kuliko alivyowahi kubweka maisha yake yote, na akishabweka hivyo anataka kujua nani alikuwa mwizi ili kesho amuwahi. Akanusanusa. Hakukuwa na mtu mlangoni wala dirishani. Kitu pekee cha ajabu kilichokuwepo ni moyo unaokimbia, kichwa chepesi, na ile hali ya kujiona uko mbali na mwili wako. Basi akahifadhi harufu hiyo. Wahenga walishasema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, tofauti ni kwamba hapa unyasi uko ndani ya kifua chako mwenyewe, unatembea nao.

Sasa angalia siku ya kawaida ina unyasi kiasi gani. Umepanda ngazi, moyo umekimbia. Umesimama haraka, kichwa kimekuwa chepesi. Kahawa. Usingizi mdogo. Chumba chenye joto. Zamani haya yote yalikuwa yanapita bila hata kuyasikia, leo mbwa anayanusa na kubweka, na akibweka adrenalini, ile homoni ya kukabili hatari, inamwagika, na adrenalini inafanya nini? Inakimbiza moyo. Mbwa anausikia moyo unakimbia zaidi, anasema si nilisema, anabweka mara 2. Mwanasaikolojia David Clark wa Oxford aliuandika mzunguko huu mwaka 1986, kwamba paniki inatokana na mtu kuzitafsiri vibaya ishara za kawaida za mwili kama msiba unaokuja. Bangi iliwasha moto wa kwanza tu, baada ya hapo kuni zinatoka kwako.

Mimi nilikuwa nalala na vidole 2 shingoni nahesabu mapigo, naangalia saa ya simu. 84. Nasubiri. 91. Si unaona, inapanda! 103. Sikuwahi kujiuliza kwamba kuhesabu ndiko kunakoipandisha. Usiku mmoja simu ilizima chaji, nikakosa cha kuangalia sekunde, nikapitiwa na usingizi katikati ya kulalamika.

Kinachonifurahisha zaidi (sasa hivi, si wakati ule) ni pumzi. Mtu aliyepaniki anahisi hewa haitoshi, anahema kwa nguvu na haraka, kumbe hewa anayo nyingi tu, anachokipunguza ni kaboni daioksaidi kwenye damu. Ikishuka, mishipa ya damu ya ubongo inabana kidogo, kichwa kinazunguka, vidole na midomo vinaingia ganzi, kifua kinabana. Yaani unahema kwa sababu unahisi kukosa hewa, na unahisi kukosa hewa kwa sababu unahema. Ndiyo maana ushauri wa "vuta pumzi ndefu" ni nusu ushauri. Kinachosaidia wengi ni kupunguza kasi, kuingiza kidogo kwa pua na kutoa taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyoingiza.

Ila hata pumzi ina mtego wake. Ukiifanya kama zimamoto, kila ukihisi dalili unakimbilia kuhema kwa mpango, mbwa anajifunza kwamba kweli kulikuwa na mwizi na pumzi ndiyo iliyomfukuza. Hivyohivyo kukimbia foleni, kuhesabu mapigo, kugoogle dalili saa 8 usiku. Vyote vinatuliza kwa dakika 5 na kurefusha hali kwa wiki. Mbwa anaacha kubweka pale tu harufu inapokuja, inakaa, inaondoka, na hakuna kilichoibiwa, tena mara nyingi. Kwa hiyo unabaki kwenye foleni. Unajiambia hii ni adrenalini, itafika juu itashuka, unaendelea kusogeza miguu ukitetemeka hivyohivyo.

Wataalamu wa saikolojia wanaifanya hii makusudi: wanakuzungusha kwenye kiti mpaka uone kizunguzungu, wanakuhemesha kwa mrija mwembamba, wanakukimbiza papo hapo mpaka moyo udunde. Unamlipa mtu akuletee dalili unazozikimbia. Inachekesha mpaka uone inavyofanya kazi, na kwa paniki kwa ujumla ushahidi wake ni mzuri. Kwa paniki iliyoanzia kwenye bangi hasa, tafiti ni chache na mengi yanaazimwa kutoka kwenye paniki ya kawaida, kwa hiyo muda kamili wa kupona usiushike kama ratiba ya basi. Kupunguza kahawa, kulala, kula kwa wakati na kuiacha bangi yenyewe kunapunguza unyasi wakati mbwa anajifunza upya. Kujituliza na pombe ni kuhamisha tatizo, kesho yake moyo unakimbia kwa hangova.

Wale waliokuwa wanavuta kila siku kwa miezi halafu wakaacha, yenu ni hadithi nyingine. Wasiwasi, hasira, kukosa usingizi na ndoto kali vinaweza kuwa arosto ya bangi, inaanza siku ya kwanza au ya 2, inachacha wiki ya kwanza, na kwa wengi inaisha ndani ya wiki 2 au 3. Watu wanabisha kwamba bangi haina arosto, lakini madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza kwenye mwongozo wao wa magonjwa mwaka 2013.

Na kuna vitu ambavyo mfano wangu wa mbwa hauvihusu kabisa. Maumivu ya kifua yasiyoisha, kuzimia, moyo kuruka mapigo ukiwa umetulia, hayo ni ya daktari, usijipe mwenyewe jibu la "ni paniki tu". Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini watu wanakufuatilia, kukaa siku kadhaa bila kulala na bila kuchoka, au mawazo ya kujiua, ni ya daktari leo, si wiki ijayo, na zaidi kama kwenu kuna mtu amewahi kuugua akili. Ukifika mwambie ukweli kwamba ulitumia bangi, kiasi gani na lini. Na kama wasiwasi umegoma kushuka mwezi mzima, au umeanza kukuzuia kwenda kazini, nenda pia, kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa.

Swali linalokuja mwisho kila mara ni je, nikija kuvuta tena, itarudi? Ukishaelewa mbwa, unaweza kujibu mwenyewe. THC inakimbiza moyo, na moyo unaokimbia ndiyo harufu ileile aliyoihifadhi. Mimi kahawa nimeirudia baada ya miezi 2, nilianza na nusu kikombe, nikakaa nacho mezani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Moyo ukaenda mbio kidogo. Nikamaliza kikombe.