"Filamu ya kwanza ya Ufilipino": hiyo "ya" ina maana gani?

Mazungumzo ya wapenzi wa tamthilia za Kifilipino yakigusa historia tu, hakosi mtu wa kutangaza kwamba filamu ya kwanza ya Ufilipino ni Dalagang Bukid ya mwaka 1919. Mwingine anamrukia: 1912! Wa tatu anakuja na 1898. Nimechoka nao, maana wote watatu wamesema kweli, na kinachowagombanisha ni silabi moja.

A-unganifu yetu, yaani hiyo "ya" inayounganisha jina na jina, ni punda: hubeba chochote unachomtwika. Filamu ya Ufilipino yaweza kuwa iliyopigwa huko, inayosimulia habari za huko, au iliyotengenezwa na mwana wa huko. Antonio Ramos, askari wa Kihispania, alipiga picha za mitaa na daraja la Manila mwaka 1898. Agosti 1912 Wamarekani wawili, Edward Gross na Albert Yearsley, walishindana kila mmoja na filamu yake kuhusu José Rizal, mwandishi na shujaa wa Wafilipino aliyeupinga utawala wa Wahispania, na Yearsley akamwahi mwenzake. Mwana wa huko ni José Nepomuceno, aliyetengeneza Dalagang Bukid, 1919. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Kinachonikera hasa ni neno "Mfilipino" kutumiwa kana kwamba lilikuwepo tangu visiwa viumbwe. Jina hilo Wahispania walilileta katika miaka ya 1540, kwa heshima ya mwanamfalme Felipe, aliyekuja kutawala kama Felipe wa Pili. Kisha kwa muda mrefu "filipino" akawa Mhispania aliyezaliwa visiwani. Mwenyeji aliitwa "indio", wala si kwa heshima. Yaani mwenye nyumba hakuruhusiwa jina la nyumba. (Sisi tunaobishana hadi leo nani Mswahili, hili halitupi taabu kulielewa.) Kizazi cha Rizal, mwishoni mwa karne ya 19, ndicho kilicholitwaa jina hilo na kulifanya la wenyeji wote.

Rizal mwenyewe alipigwa risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896. Siku mbili tu baadaye, tarehe mosi Januari 1897, watu wa mji huohuo walikaa katika ukumbi wa Salón de Pertierra wakatazama picha zinazotembea kwa mara ya kwanza. Sinema ilibisha hodi wakati jina "Mfilipino" bado linagombaniwa.

Kwa hiyo 1919 ina uzito wake. Dalagang Bukid ilitokana na sarswela ya Hermogenes Ilagan. Sarswela ni mchezo wa jukwaani wa kuigiza na kuimba, asili yake Hispania, ambao Wafilipino walikwisha kuutia Kitagalog. Filamu ilikuwa bubu, basi nyota wake, Atang de la Rama, akawa anaimba mwenyewe ukumbini wakati picha zinapita. Serikali ya huko nayo iliadhimisha miaka 100 ya sinema yao kwa kuhesabu tangu hapo.

Ndugu yangu wa 1919, hujakosea. Ongeza maneno machache tu: "filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa na Mfilipino." Nawe wa 1898, Ramos mwite Mhispania aliyepiga picha Manila. Angezaliwa Manila, kwa maana ya zamani yeye ndiye angekuwa filipino, na anayebeba mashine yake akabaki indio.