"Januari Ni ya Kuzoea Baridi" na Mengine Ninayoyasikia Kila Muhula

Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa kubadilishana wanaotoka Afrika Mashariki kuja kusoma muhula mmoja Michigan, ule unaoanza mapema Januari na kwisha mwishoni mwa Aprili. Maswali mapya nayapenda. Haya hapa chini si mapya.

Dhana: Januari ni ya kuzoea baridi, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) iko Aprili

Hii ndiyo inayonichosha. Kwa wa Dar naisikia, kwa wa Nairobi naisikia, na wanaoisema mara nyingi ni wale waliokuwa wakiongoza darasa. Nyumbani hesabu hiyo inaeleweka: mtihani wa mwisho unabeba alama 60 au 70, mtu anakesha wiki tatu na anatoka salama. Hapa unaweza kubeba 25 tu, na kuna kozi ambazo hazina mtihani wa mwisho kabisa.

Chukua silabasi ya kawaida: kazi za nyumbani 30, kwizi 15, kushiriki darasani 10, mtihani wa katikati 20, wa mwisho 25. Kazi za nyumbani ziko 10, kila moja alama 3. Umeruka tatu za mwanzo, 9 zimekwenda. Umekosa kwizi mbili kati ya tano, 6. Umekaa nyuma kimya au hukutokea, 5. Tayari umepoteza 20, na Februari haijafika katikati. Hata ukivuna kila alama iliyobaki, unaishia 80. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam A inaanzia 70. Hapa 80 kwa kawaida ni B-, na hiyo 70 ni C-. Sapu, yaani mtihani wa marudio, usiitegemee: ukifeli unarudia kozi nzima, nawe muhula ulio nao ni huo mmoja.

Sikatai, mwanzo ni mgumu. Tofauti ya saa na nyumbani ni 8, kwa hiyo wiki ya kwanza unaamka saa tisa usiku macho makavu, halafu saa nane mchana kichwa kinadondoka darasani. Ann Arbor, hapa Michigan, mwanzoni mwa Januari jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi. Kipindi cha saa mbili unakiendea gizani. Basi fika mapema. Viza ya J-1, ile ya wanafunzi wa kubadilishana, inakuruhusu kuingia hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye DS-2019, fomu ya programu yako. Uliza tu kwanza bweni linafunguliwa lini. Silabasi ikitoka, tarehe zote ziingie kwenye simu siku hiyohiyo, maana kazi nyingi zinakabidhiwa mtandaoni na saa tano na dakika 59 usiku mlango unafungwa.

Halafu nenda kwa profesa saa zake za ofisi. Wengi wetu hatuendi, tunaona ni kumsumbua mkubwa. Saa hizo zimewekwa kwa ajili yako, na mara nyingi utamkuta yuko peke yake. Akikufahamu wiki ya pili, ukiugua wiki ya sita kuomba kuongezewa muda si shida.

Dhana: Theluji ikizidi, chuo kinafungwa

Hutokea kwa nadra. Mwishoni mwa Januari 2019 baridi ilikuwa ya hatari kiasi kwamba University of Michigan walifuta vipindi. Siku nyingine zote magari yanasukuma theluji alfajiri, chumvi inamwagwa njiani, na kwizi iko palepale.

Dhana: Koti moja zito linatosha

Anza na miguu. Viatu visivyopitisha maji, soli yenye meno, soksi za sufu. Koti la mtumba la Karume au Gikomba linaweza kufaa, mradi ndani uvae nguo tabakatabaka. Pamba ikilowa jasho inakugandisha. Na baridi haileti mafua, virusi ndivyo vinavyoleta, navyo vinastawi mnapojifungia ndani madirisha yamefungwa. Chanja, nawa mikono.

Dhana: Viza ninayo, kwa hiyo kibarua chochote ni halali

Hapana, hapana, hapana. Mwenye J-1 anahitaji ruhusa ya maandishi kabla hajaanza, hata kama kazi ni ya kupanga vitabu maktaba ya chuo, na vipindi vikiendelea haizidi saa 20 kwa wiki. Kulea mtoto wa jirani kwa fedha taslimu au kupeleka chakula kwa akaunti ya rafiki kunaweza kukukatizia programu. Vivyo hivyo kuacha kozi kimyakimya ukabaki chini ya krediti 12: kabla hujabonyeza kitufe, njoo ofisini.

Dhana: Krediti zitanifuata nyumbani zenyewe

Chuo chako kitataka kuona ulichosoma. Pakua silabasi zote na uziweke mahali pako mwenyewe kabla akaunti ya chuo haijafungwa, na omba nakala rasmi ya matokeo ungali Marekani.